José Pablo Moncayo: Aliyeiingiza Ngoma ya Wavuvi Kasrini

Jarida letu limezoea kuleta maisha ya waandishi na wanasiasa. Mara hii nimeonelea niwaletee mtunzi wa muziki, tena wa nchi ya mbali ambayo wengi wetu tunaijua kupitia kandanda na zile tamthilia za televisheni ambazo akina mama hawakubali ziwapite. Nchi yenyewe ni Meksiko, na mtu mwenyewe ni marehemu José Pablo Moncayo. Jina lake la kwanza hutamkwa Hose. Kwa hiyo wewe uliye na rafiki anayeitwa Jose, usimchanganye na huyu.

Kabla sijafika mbali, neno okestra lisije likamtisha mtu. Okestra ni kundi kubwa la wapiga ala, pengine sitini, themanini au hata mia, waketio pamoja na kuufuata mkono wa kiongozi mmoja. Kuna fidla nyingi, filimbi, tarumbeta, ngoma na ala nyingine, na kila mpigaji ana karatasi mbele yake yenye alama za muziki, yaani nota. Mtindo huu ulitoka Ulaya. Watu wengi huuona ni muziki wa matajiri, wa ukumbi ambamo hata kukohoa ni hatia. Moncayo aliingia katika muziki huohuo akautia ngoma ya wavuvi, ngoma ya kukanyaga mbao kwa visigino mpaka kuche. Leo ukimtajia Mmeksiko muziki wa okestra wa nchi yake, yumkini utakaomjia akilini kwanza ni huo. Unaitwa Huapango, na hutamkwa Wapango.

Moncayo alizaliwa tarehe 29 Juni 1912 katika mji wa Guadalajara, jimbo la Jalisco, upande wa magharibi wa Meksiko. Jalisco ndiko kwenye sifa ya mariachi, wale wapiga gita wenye kofia pana kama ungo. Wakati huo nchi ilikuwa inawaka moto. Mapinduzi yalikuwa yameanza mwaka 1910, na kwa takriban miaka kumi watu walipigana kwa ajili ya ardhi na utawala. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa bunduki zikilia, na akapata akili wakati nchi inajiuliza swali gumu: sasa sisi ni nani?

Ujanani alikuwa Mexico City, jiji kuu. Huko alifundishwa piano na mwalimu Eduardo Hernández Moncada, kisha mwaka 1929 akajiunga na Chuo cha Kitaifa cha Muziki. Karo haikuwa mchezo. Ili ajisomeshe, kijana alipiga piano ya jazi mikahawani, huku watu wakila na kunywa na kupiga domo bila kumjali. Mchana yuko darasani, jioni yuko kwenye kibarua. Sisi tunaosoma shule ya kutwa, tunaorudi nyumbani kuchota maji na kufungia mbuzi kabla ya kufungua daftari, tunamwelewa vizuri mtu kama huyo.

Sasa hapa lazima nimtaje Carlos Chávez, maana bila yeye hadithi haiendi. Zamani, wasomi wa Meksiko walipenda kuiga Ulaya katika kila kitu, kuanzia majumba mpaka nyimbo. Baada ya mapinduzi mambo yaligeuka. José Vasconcelos, aliyekuwa waziri wa elimu kuanzia 1921 hadi 1924, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma wachore historia ya wananchi wa kawaida. Mmoja wao ni Diego Rivera, aliyewachora wakulima na wafanyakazi wakubwa kama miti. Chávez alitaka muziki nao ufanye vivyo hivyo. Mwaka 1928 alianza kuongoza okestra iliyokuja kuitwa Okestra ya Simfoni ya Meksiko, na mwishoni mwa mwaka uohuo akakabidhiwa Chuo cha Kitaifa cha Muziki. Yeye mwenyewe alitunga kazi iitwayo Sinfonía india, iliyojengwa juu ya nyimbo za makabila ya asili ya nchi hiyo. Chuoni alianzisha darasa la utunzi, na Moncayo akawa mmoja wa wanafunzi wake. Mwalimu mwingine aliyemfunza huko alikuwa Candelario Huízar. Mkumbuke huyo, atarudi.

Chávez hakumwachia kijana darasani tu. Alimtia katika okestra yake apige ala za kugongwa, yaani ngoma, matoazi, njuga na kadhalika. Mpiga ngoma wa okestra hukaa nyuma kabisa. Saa nyingine hungoja dakika nyingi akihesabu kimyakimya kabla ya kupiga mara mbili tu. Wenzake wanaweza kumwonea huruma, lakini kwa mawazo yangu hakuna kiti bora kuliko hicho kwa mtu anayetaka kutunga. Ukiwa nyuma unawaona wote na kuwasikia wote: nani kaanza, nani kajibu, nani kanyamaza.

Mwaka 1934 Chávez aliondoka chuoni, na darasa lake la utunzi likafungwa. Vijana wanne waliobaki kama kondoo wasio na mchungaji waliamua kujitegemea. Walikuwa Moncayo, Blas Galindo ambaye pia alitoka Jalisco, Salvador Contreras wa Guanajuato na Daniel Ayala wa Yucatán. Mwaka 1935 walifanya tamasha la kazi zao wenyewe. Mwandishi mmoja wa gazeti akawaita Kundi la Wanne, na jina likaganda.

Mwaka 1940 Galindo alitangulia. Chávez alikuwa New York akiandaa tamasha la muziki wa Meksiko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, na Galindo akamtungia Sones de mariachi, muziki wa okestra uliotokana na nyimbo za mariachi wa kwao. Watu waliupenda. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Moncayo: Chávez alitaka kazi nyingine ya aina hiyo, safari hii kutoka pwani ya mashariki, jimbo la Veracruz.

Hapo Moncayo angeweza kuketi mjini na kubuni chochote kinachofanana na nyimbo za pwani. Nani angemjua? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alifunga safari na rafiki yake Galindo mpaka Alvarado, bandari ya wavuvi kwenye mdomo wa mto Papaloapan, mahali ambapo ngoma za zamani zilikuwa bado zinachezwa bila kuchakachuliwa. Wakakaa siku kadhaa, kazi yao kusikiliza na kuandika.

Ngoma yenyewe nitaieleza kwa kituo, kwa sababu ndiyo roho ya habari hii. Watu wa Veracruz wakikusanyika usiku kwa sherehe, mkusanyiko huo huitwa fandango. Katikati huwekwa jukwaa fupi la mbao, halina urefu wa kukuvunja mguu ukianguka. Wachezaji hupanda, aghalabu wawili wawili, na kuzikanyaga mbao kwa visigino na vidole vya viatu mpaka zilie. Jukwaa ni ngoma, na miguu ndiyo vijiti vyake. Wako wataalamu wanaosema kwamba hata neno huapango lina asili yake katika lugha ya Kinahuatl, ya wenyeji wa kale, na maana yake ni mahali pa juu ya mbao. Pembeni kuna gita dogo la nyuzi nyingi liitwalo jarana, kinubi na wakati mwingine ala nyingine. Waimbaji hujibizana: mmoja anatupa beti, mwenzake anadaka na kumrudishia, mara nyingi kwa mzaha, na beti nyingine hutungwa papo hapo. Wanaojua malumbano ya washairi wetu wa pwani wataelewa.

Wimbo mmojammoja wa namna hii huitwa son. Unaijua La Bamba? Yule kijana Ritchie Valens wa Marekani aliitoa kwenye sahani ya santuri mwaka 1958 ikaenea duniani kote, na mpaka leo matatu na harusi zinaipiga. Basi hiyo ni son ya Veracruz. Kumbe umeicheza siku zote na hukuwa unajua imetoka wapi.

Na kuna jambo jingine. Bandari ya Veracruz ndiyo mlango ambao Wahispania waliwaingizia watumwa wengi kutoka Afrika. Mmoja wao, aitwaye Yanga, alitoroka na wenzake wakajificha milimani. Wahispania walishindwa kuwakomesha, na katika karne ya 17 wakakubali wawe na mji wao huru. Tangu mwaka 1932 mji huo unaitwa Yanga, na uko Veracruz hadi leo. Kwa hiyo muziki wa eneo lile ni mchanganyiko wa watatu: Mhispania, mwenyeji wa asili na Mwafrika. Kwa hivyo nikisikia kwamba ngoma ya Alvarado ni ya kigeni kwetu, nasema ngoja kwanza.

Kuiandika haikuwa rahisi hata kidogo. Moncayo alieleza baadaye kwamba waimbaji wa kule hawakurudia wimbo mmoja vilevile mara mbili. Ukishaandika mstari, ukimwomba aimbe tena uhakikishe, anaimba kingine! Hawakuwa wakikosea. Kwao wimbo ni kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni: kila siku mnafika mtoni, lakini hakuna anayekanyaga palepale alipokanyaga jana. Nota hazipendi hivyo. Nota zinataka jibu moja.

Aliporudi jijini na makaratasi yake, alikwenda kwa mwalimu wake wa zamani, Huízar. Mzee alimpa ushauri mfupi: aanze kwa kuonyesha nyimbo zile kama alivyozisikia, kisha ndipo azikuze kwa fikira zake mwenyewe. Moncayo akafuata. Alichukua son tatu, El Siquisirí, El Balajú na El Gavilancito, akazisuka ziwe kazi moja isiyopita dakika kumi.

Tarehe 15 Agosti 1941 Okestra ya Simfoni ya Meksiko, ikiongozwa na Chávez, iliupiga Huapango kwa mara ya kwanza katika Palacio de Bellas Artes, yaani Kasri la Sanaa. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1934, nje ni marumaru nyeupe. Hapo ndipo ngoma ya wavuvi wa Alvarado ilipoingia kasrini. Moncayo alikuwa na umri wa miaka 29.

Mwalimu wetu wa muziki alitusikilizisha Huapango kwa simu yake, tumemzunguka watu kumi na wanne. Nitajaribu kueleza yaliyomo, ingawa kueleza muziki kwa maneno ni kama kueleza harufu ya muthokoi. Mwanzo hauna makelele. Unaanza kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji cha pili usiku, halafu anaisogelea. Ala zinaongezeka moja moja, hadi ghafla okestra nzima iko uwanjani. Sehemu ya kati inapoa, wimbo unapumua. Kisha mwendo unarudi kwa kasi, na tarumbeta na tromboni zinaanza kujibizana: moja inatupa, nyingine inadaka, kama wale waimbaji wawili wa fandango. Kinubi cha okestra, ambacho katika muziki wa Ulaya mara nyingi hupewa kazi ya malaika, hapa kinapigwa kama kinubi cha sherehe ya kijijini.

Siri kubwa iko katika hesabu. Hebu jaribu sasa hivi kwenye dawati. Hesabu mpaka sita kwa mwendo usiobadilika, na upige kwa nguvu kwenye moja na nne: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Rudia mpaka mkono uzoee. Sasa hesabu sita zilezile, mwendo uleule, lakini nguvu iwe kwenye moja, tatu na tano: MOJA mbili TATU nne TANO sita. Ya kwanza ina mapigo mawili, ya pili ina matatu. Halafu cheza ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, bila kusimama. Umesikia vile mwili unataka kuinuka? Huapango wote umejaa mchezo huo, na pengine zote mbili zinapigwa kwa pamoja, wengine wakihesabu mbili na wengine tatu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alianza kupiga dawati tukiwa hatujaambiwa chochote. Alipoulizwa amejifunza wapi, alisema hivyo ndivyo ngoma zinavyokwenda kwao.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata sasa, kwamba Moncayo hakutunga kitu, alinakili tu nyimbo za watu na kuzipaka rangi. Mimi sikubaliani nao. Mawe yanaokotwa mtoni, lakini hakuna anayesema fundi wa nyumba hakujenga. Lakini upande mmoja wa lawama hiyo unaniuma kidogo. Jina la Moncayo linajulikana duniani. Majina ya wale waimbaji wa Alvarado waliokaa na vijana wawili wa mjini siku zile, wakiimba na kurudia, hayatajwi wimbo unapopigwa. Hilo si kosa la Huapango, ila ni jambo la kuandikwa.

Na hapa niruhusiwe kurudi nyumbani kidogo. Kaskazini mwetu, hapo mpakani na Tharaka, panapita mto Tana. Maji hayo hayo huteremka hadi kwa Wapokomo. Mwaka 1963 Kenya ilipokuwa ikikaribia uhuru na kuhitaji wimbo wa taifa, wanamuziki watano walipewa kazi hiyo, na sauti waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo: wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Kila Jumatatu na Ijumaa tunasimama wima mbele ya bendera na kuimba wimbo wa kulaza mtoto wa kando ya Tana, umevikwa nota. Kwa hiyo alilofanya Moncayo si geni kwetu. Tumelifanya, tena kwa wimbo mkubwa kuliko zote tulizo nazo.

Lakini ngoma yetu wenyewe, kilumi, nani ameiandikia okestra? Kilumi ni ngoma ya Wakamba, hasa ya akina mama wazee, iliyochezwa kwa ajili ya mizimu na kuombea mvua. Katika mashindano ya muziki ya shule tunacheza vipande vyake kwa dakika chache, tumevaa sare, majaji wanatoa alama, tunarudi kwa lori. Chama chetu kilipojadili jambo hili nusura wanachama wakosane. Wengine walisema kilumi ni mambo ya mapepo, iachwe ife. Wengine walisema ukiitia katika nota utaiua haraka zaidi, kwa sababu kilumi hailingani usiku wa leo na wa kesho. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu, anajua kilumi na hajui kusoma. Nilipomwuliza kama ni vibaya kijana kuiandika, alitaka kujua kwanza kama huyo kijana anaweza kuicheza. Tangu siku hiyo najiuliza kama wale wawili walipanda jukwaa la mbao kule Alvarado au walikaa pembeni na penseli. Ningependa kuamini kwamba walipanda.

Turudi kwa Moncayo. Mwaka 1942 alikwenda Marekani, kwenye mafunzo ya kiangazi ya Tanglewood katika jimbo la Massachusetts, akakutana kimasomo na mtunzi Aaron Copland. Copland naye aliipenda Meksiko. Alikuwa ametunga El Salón México, muziki wa okestra kuhusu ukumbi wa dansi wa Mexico City, ambao Chávez aliupiga kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Baada ya hapo Moncayo aliendelea kutunga: Sinfonietta mwaka 1945, Homenaje a Cervantes mwaka 1947, na nyingine ambazo sitazitaja zote hapa.

Mwaka 1948 alitoa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, iitwayo La mulata de Córdoba. Maneno yake yaliandikwa na Xavier Villaurrutia na Agustín Lazo. Hadithi yenyewe ni ya kale na inasimuliwa sana Veracruz. Katika mji wa Córdoba, jirani na ule mji wa Yanga, aliishi mwanamke mzuri wa damu ya Kiafrika na Kihispania. Watu walimwogopa, wakasema ni mchawi, na mahakama ya kanisa ikamtia gerezani. Akiwa kifungoni alichora jahazi ukutani kwa mkaa. Akamwuliza askari, jahazi hili limepungukiwa na nini? Askari akajibu, limepungukiwa na kutembea tu. Mwanamke akaruka akaingia ndani yake, jahazi likaondoka ukutani na kutoweka naye. Nadhani hadithi hii ingefaa kuigizwa na chama chetu, tena kwa Kiswahili. Nimeshapendekeza, nangoja jibu.

Mwaka 1949 yule kijana wa nyuma kwenye ngoma alisimama mbele kabisa: alipewa kuiongoza Okestra ya Simfoni ya Kitaifa, na akaiongoza hadi mwaka 1954. Katika mwaka huo wa 1949 aliandika kazi ambayo jina lake lilinigusa kuliko mengine yote, Tierra de temporal. Kwa Kihispania ni ardhi isiyo na mfereji wala mto wa kuinyweshea, ardhi inayongoja mvua ya msimu. Mkulima wake hupanda na kutazama juu. Sidhani kuna mtu wa Tseikuru anayehitaji kufafanuliwa zaidi. Muziki huu haukopi ngoma ya mahali fulani kama Huapango. Hapa ni kama nyimbo za kijiji zimeshaingia damuni mwake, hahitaji tena kuziandika kutoka kwa mtu.

Wanaomsimulia husema alipenda sana kutembea nje ya jiji na kupanda milima, na majina ya kazi zake za mwisho yanamthibitisha. Cumbres, ya mwaka 1953, maana yake ni vilele. Iliagizwa na okestra ya mji wa Louisville, Marekani. Bosques, ya mwaka 1954, maana yake ni misitu. Watu walioongea kuhusu muziki wa Meksiko waliendelea kudai Huapango, Huapango, Huapango. Chanda chema huvikwa pete, lakini kumbe pete ikibana sana mkono wote husahauliwa. Mtu aliyetunga opera, simfoni na muziki wa misitu alijulikana kwa wimbo mmoja wa dakika chache alioandika akiwa hajafika miaka thelathini.

Moyo wake haukumvumilia. José Pablo Moncayo alifariki dunia Mexico City tarehe 16 Juni 1958, siku kumi na tatu kabla ya kutimiza miaka 46. Alimwacha mjane na mabinti wawili. Wanahistoria wengi wa muziki huutumia mwaka huo kama alama: kwao, kipindi kile cha watunzi wa Meksiko kujenga okestra juu ya nyimbo za wananchi kilifungwa na kaburi lake.

Huapango haukufungwa. Hupigwa na okestra za shule na za mataifa, viwanjani na kwenye sikukuu za uhuru wa Meksiko, na kuna wanaouita wimbo wa pili wa taifa. Mwaka 2012, miaka mia moja tangu azaliwe, okestra za nchi yake zilimkumbuka kwa tamasha nyingi. Huko Veracruz nako fandango hazijaisha. Jukwaa la mbao likishawekwa, jarana zikishalinganishwa, kwa desturi son ya kufungulia usiku ni El Siquisirí, ileile ambayo vijana wawili walijaribu kuinasa kwa penseli mwaka 1941, na waimbaji wa sasa nao hawairudii vilevile mara mbili.